Klipu ya chanjo iliyoingia grupu la ukoo, nimeifuata kinyumenyume mpaka nimemkuta mwenye duka

Fundi wa Aggrey

Habari zenu wakuu. Uzi huu utakua mrefu, mwenye bando la kuungaunga asome kidogo kidogo, ila naomba asome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kooni wiki tatu sasa.

Mimi ni fundi simu, Kariakoo mtaa wa Aggrey, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu nyingi siku hizi ni simu zilizojaa. Mtu anakuja "fundi simu inaganda", nafungua nakuta memori yote ni klipu za WhatsApp, mwenye simu anasimama pembeni ananielekeza futa hiyo, acha ya msiba, futa hiyo. Sasa kuna klipu moja nimeifuta kwenye simu za watu wasiojuana kabisa, mama ntilie, dereva bajaji, mwalimu mstaafu, mpaka ile picha yake ya mwanzo naijua bila kuifungua. Mzungu kavaa koti jeupe kashika kichupa cha chanjo, chini maandishi mekundu TAHADHARI WAZAZI SAMBAZA KABLA HAWAJAIFUTA.

Nilikua naifuta tu naendelea na kazi. Siku ikaingia grupu la ukoo wetu, na aliyeituma ni shangazi yangu wa Mbagala Rangi Tatu, mwanamke ninayemheshimu kuliko watu wengi, ndo alinilea baada ya mama kufariki. Chini yake kaweka voisi, anasema chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inafunga kizazi, kwahiyo siku wauguzi walipokuja shule yeye alimzuia binti yake asiende. Binti ana miaka 12, yuko darasa la sita. Voisi ile nimeisikiliza mara nyingi. Haina ujeuri ndani yake, ni sauti ya mama anayeogopa.

Usiku nikakaa nayo. Nikapiga skrinishoti nikaitafuta kwa picha. Nikaikuta Facebook kwenye peji ina jina kama la kituo cha afya, picha ya mama kabeba mtoto, hakuna jina la mtu wala ofisi wala mtaa. Peji nayo iliichukua kwenye chaneli ya Telegram, na huko ndo nikajua ile sauti ya Kiswahili imebandikwa juu ya Kingereza, na pale kwenye kona kulikua na nembo ya tovuti imezibwa kwa utepe mweusi. Ila aliyeziba alichelewa. Kuna kama sekunde moja mwanzoni utepe haujatokea bado, nikasimamisha hapohapo, nikakuza, nikasoma.

Jina sitalitaja, maana kulitaja ni kuwapelekea wateja.

Wakuu, ile tovuti ni duka. Habari ya chanjo iko juu, pembeni kuna vidonge vya "kusafisha sumu ya chanjo", kuna unga wa kinga, kuna ndoo za chakula cha akiba cha miezi mitatu kwa ajili ya siku serikali zitakapoanguka, vyote kwa dola. Kila ukisoma mistari miwili unaogopa, na kila ukiogopa kuna kitufe cha kununua. Yule wa koti jeupe nikamsoma kwenye ukurasa wake mwenyewe, hakuna popote alipoandika kasomea udaktari wapi wala anatibu hospitali gani.

Nikashuka chini. Hapo ndo niliposhindwa kulala. Habari ya tatu ina picha ya boti imejaa watu weusi katikati ya bahari, na maelezo kwamba kuna mpango wa siri wa kuwaleta Waafrika Ulaya na Marekani ili wazungu waishe. Nikafungua koment. Mtu kaandika sisi tunazaliana kama panya, wamempigia laiki zaidi ya mia. Mwingine kaandika dawa yetu ni kutuacha na magonjwa yetu.

Yaani tovuti ileile. Ukurasa huu wanamlilia binti wa Mbagala asifungwe kizazi, ukurasa wa pili wanalalamika binti wa Mbagala atazaa sana. Shangazi yangu kaletewa onyo na watu wanaomchukia, na amelisambaza kwa upendo.

Nikaanza kusoma haya mambo kila jioni nikifunga kibanda. Niliyoyakuta nayaweka hapa.

Cha kwanza, hii biashara ipo imethibitishwa mahakamani. Kuna Mmarekani anaitwa Alex Jones, ndo aliyeanzisha tovuti ya Infowars. Desemba 2012 mtu aliingia shule ya msingi Sandy Hook, Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Jones akawa anawaambia watu kwa miaka kwamba ni maigizo, hakuna mtoto aliyekufa, wazazi ni waigizaji. Wasikilizaji wake wakaanza kuwatisha wale wazazi, kuwapigia simu, kuwadai wathibitishe kwamba mtoto aliwahi kuzaliwa. Kuna waliohama nyumba zaidi ya mara moja. Mtu amezika mtoto wa miaka sita halafu anaambiwa hukuzaa! Mwaka 2022 baraza la mahakama Connecticut likaamua alipe dola milioni 965. Na kesi zile ndo zilianika pesa zilikua zinatoka wapi, ni virutubisho na vidonge alivyokua anauza mwenyewe kwenye kipindi. Corona ilipoingia 2020 mwanasheria mkuu wa New York alimwandikia aache kuuza dawa ya meno yenye madini ya fedha kama kinga ya corona. Hofu na dawa ya hofu vinatoka kaunta moja.

Cha pili, hawajaanza jana. Kuna tovuti ya wabaguzi wa rangi inaitwa Stormfront, ipo tangu 1995, aliyeianzisha aliwahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wa Marekani wanaowachukia weusi. Hawa walisajili tovuti yenye jina la Martin Luther King, wakaitengeneza ionekane ya wanafunzi wanaotafuta habari za King kwa kazi ya shule, ndani imejaa uongo wa kumchafua. Ilidumu miaka na miaka, mtoto anatafuta "Martin Luther King" inatokea humohumo kwenye majibu ya juu. Hakuna aliyeiona chuki mlangoni kwa sababu mlangoni waliweka jina zuri. Ile peji ya Facebook ya mama kabeba mtoto, mchezo ni uleule.

Mimi nafananisha na mitumba ya Karume. Balo likifunguliwa nguo zina mikunjo, zina harufu, zingine zina jina la mtu kwenye kola. Jioni imefuliwa, imepigwa pasi, imetundikwa kwenye henga, hakuna anayeuliza aliyevaa ni nani. Uongo wa chuki unatoka kwenye tovuti ambayo shangazi yangu akiiona asingeigusa, unapita mtu anakata nembo, mwingine anatia Kiswahili, mwingine anaongeza aya ya dini, ukifika grupu la ukoo unafika na sura ya shangazi. Na mtu hawezi kumbishia shangazi kama anavyombishia mzungu asiyemjua.

Naomba niweke nukta, wateja wamejaa. Nitarudi jioni.

kijana_wa_tandika

Nipo hapa, endelea mkuu. Wengine wakae kwa kutulia.

Mwananzuoni Huru

Fundi nimekusoma vizuri na sikatai ulichokiona. Ila usituambie watu weusi tunaogopa bure. Tuskegee ilikua nadharia? Marekani waliwaacha watu weusi na kaswende wanawaangalia tu wakifa. Na Pakistan je, CIA si walitumia chanjo ya homa ya ini kumtafuta Osama? Sasa mama wa Mbagala akisema mi siamini sindano ya kuletewa, utamwitaje mjinga?

Fundi wa Aggrey

Mkuu sijamwita mjinga na simwiti. Ulivyovitaja vyote viwili ni kweli tupu, na nashukuru umevileta maana hapa ndo penyewe.

Tuskegee ilianza 1932 Alabama, karibu wanaume 400 weusi wenye kaswende, penisilini ilipopatikana wakanyimwa, ikaenda mpaka 1972. Miaka 40. Sasa jiulize ilijulikanaje. Peter Buxtun alikua mfanyakazi wa idara ileile ya afya, akalalamika ndani wakampuuza, akatoa nyaraka kwa mwandishi, Associated Press wakachapa Julai 1972, bunge likaita watu, walioumizwa wakaenda mahakamani wakalipwa, 1997 rais Clinton akaomba radhi hadharani. Kila hatua ina jina la mtu na karatasi unayoweza kuishika.

Ya Pakistan vilevile, 2011, mji wa Abbottabad, gazeti la Uingereza likaandika, na matokeo yake ni machungu mpaka leo, wazazi wakakataa chanjo ya polio na wachanjaji wakauawa wakipita nyumba kwa nyumba. Waliofanya ule mpango wana dhambi ya wale watoto, nasema bila kupepesa.

Lakini wale wenye duka wanachukua Tuskegee ya kweli wanaitumia kama chambo. Wanaanza na ukweli ambao hutaweza kuukataa, moyo ukishafunguka wanaingiza cha kwao. Muulize yule wa koti jeupe jina la binti mmoja, hospitali moja, karatasi moja. Hana. Anasema wameificha. Kwahiyo ukikosa ushahidi ni ushahidi, ukipata wa kumpinga umetengenezwa na walewale. Hapo huwezi kushinda hata ukija na malaika.

Mzee wa Ilala Bungoni

Wanangu, hili la damu na sindano sisi tumezaliwa nalo. Bibi yangu alikua akitusimulia mumiani, enzi za mkoloni watu walikua wanaikimbia gari nyekundu ya zimamoto, wanasema wazimamoto wananyonya damu ya watu wanaenda kutengeneza dawa. Jua likizama mtoto hatoki nje. Nikikumbuka leo naona ile hofu ilikua na sababu yake, mtu anatawaliwa, anachukuliwa kazi ya lazima, anaona wageni wana vyombo asivyovielewa, moyo unatafuta namna ya kulisema. Lakini habari ya mumiani ilitembea kwa miguu. Kutoka Ilala kufika Kilwa inachukua muda, na njiani kuna wazee wanaihoji, nani kaona, lini, mtoto wa nani kapotea. Hii ya Fundi imelala Marekani imeamka Mbagala, na hakuna hata mzee mmoja aliyekaa njiani kuihoji.

Fundi wa Aggrey

Shikamoo mzee. Hilo la spidi nimelisoma pia. Watu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipima habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, zilizochapwa na kusemwa tena na watu zaidi ya mara milioni nne. Ya uongo ilikua na nafasi ya kusambazwa zaidi kwa asilimia 70 kuliko ya kweli, na waliokua wanaisambaza ni watu, hata ukitoa zile akaunti za mashine. Uongo unakuja mpya, unashtua, mtu anataka awe wa kwanza kuwaambia ndugu zake. Na mitandao yenyewe inasukuma mbele kile kinachokufanya ukae, na hasira inamkalisha mtu kuliko kitu kingine chochote.

Na niseme hili maana kuna anayedhani ni maneno tu. Ile nadharia ya boti, ya kwamba wazungu wanabadilishwa, Machi 2019 mtu aliyeiamini aliingia misikiti miwili Christchurch, New Zealand, akaua waumini 51 siku ya Ijumaa huku anarusha laivu Facebook. Ndani ya saa 24 Facebook walisema wameondoa nakala milioni 1.5 za ile video. Milioni moja na nusu, ina maana kuna watu walikaa wanaipandisha tena na tena. Mei 2022 mwingine akaenda supamaketi ya mtaa wa watu weusi Buffalo, New York, akaua watu 10, wote weusi, na aliandika mwenyewe kwamba mawazo yale aliyapata kwenye jukwaa la mtandaoni linaitwa 4chan. Watu wameenda kununua mkate.

Ila aliyenigusa zaidi ni mwingine. Desemba 2016, mtu katoka North Carolina na bunduki mpaka Washington kwenye mgahawa wa piza, Comet Ping Pong, kwa sababu alisoma mtandaoni kwamba wanasiasa wamefungia watoto chini ya ule mgahawa. Akaingia, akafyatua risasi, akatafuta. Mgahawa hauna hata chumba cha chini. Hakumuumiza mtu, akaweka silaha akajisalimisha, akafungwa miaka 4. Yule jamaa alikua na watoto, alitoka nyumbani kwake kwenda kuokoa watoto wa wenzie. Nikimsoma yule namuona shangazi. Hawa wenye duka wanachokula ni huruma yetu.

kijana_wa_tandika

Mkuu acha na mimi nitoe langu, sijawahi kulisema. 2021 nimemaliza chuo sina kazi, nilikua kwenye grupu la Telegram la mikeka ya kubeti mpira. Admini akaanzisha lingine, "siri za dunia", akatuingiza. Mwanzoni video za piramidi, benki, nani anamiliki dola, mambo ya kawaida ya kijiweni, unacheka unapita. Kila siku kitu kipya. Baada ya miezi kama mitatu pdf zikaanza, na zote mwisho wake zinaangukia kwa kundi moja la watu kwamba ndo chanzo cha shida zako. Nilikua sina kazi, kwahiyo nikiambiwa kuna mtu kakaa na kazi yangu mahali nilikua naamini kirahisi. Admini akawa ananitumia meseji inbox usiku, unaendeleaje kaka, umekula? Hakuna mtu mwingine aliyekua ananiuliza nimekula. Halafu akaanza kuniambia usiwaambie wazazi, wao wamelala, wewe umeamshwa.

Nilichomoka kwa sababu ya kaka yangu mkubwa. Hakunibishia hata siku moja. Alinipeleka Feri nikawa nampigia hesabu za samaki asubuhi, saa kumi na moja niko sokoni, usiku nimechoka nalala. Simu ikakosa nafasi. Nikija kushtuka sijafungua lile grupu wiki mbili.

Fundi wa Aggrey

Kaka nakushukuru sana kwa kuliweka hapa. Hilo la "umekula?" watu walisome mara mbili. Na wasidhani ni wazungu tu, al-Shabaab walikua na jarida la Kiswahili kwenye intaneti tangu 2012, njia ni hiyohiyo, unaanza na kidonda cha kweli alichonacho kijana, unamkata na wazazi wake, mengine yanafuata. Msalimie kaka mkubwa.

bintimrima

Nimesoma kimya kimya ila mimi ni muuguzi, na Fundi kagusa kazi yangu. Saratani ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania, na karibu yote inatokana na kirusi kinaitwa HPV. Ukipita wodini Ocean Road, hospitali ya saratani, ukawaona wale kina mama, wengi wamekuja wamechelewa, hutakaa usahau ile hali. Chanjo ilianza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, kuanzia 2024 ni dozi moja, miaka 9 mpaka 14. Scotland walianza kuwachanja wasichana 2008, na Januari 2024 wakatoa takwimu kwamba waliokamilisha wakiwa na miaka 12 au 13 hakuna hata mmoja aliyekutwa na saratani hiyo. Hata mmoja!

Na wala hawajafungwa vizazi, tangu 2008 wengi wao ni watu wazima sasa, na wapo wenye watoto wao.

Ninachowaomba, mama akija na ile klipu msianze na "mama huo ni uongo". Nilikua nafanya hivo mwanzoni, anakuitikia ndiyo nesi, anaondoka harudi. Sasa hivi namuuliza tu mama umesikia nini, nani kakutumia, kilichokutisha zaidi ni kipi. Asilimia kubwa wanataka mtu awasikilize kwanza. Fundi, shangazi yako umemwambiaje?

Fundi wa Aggrey

Dada, nilienda Jumapili. Sikujibu kitu grupuni, nilimfuata nyumbani, nikamkuta anachambua mchicha. Nikamwambia shangazi nimemtafuta yule daktari wako. Akafurahi, akauliza umempata? Nikampa simu, nikamuonesha duka lake, vidonge, bei. Akasema kila mtu anatafuta riziki. Hapo nikaona nitashindwa.

Nikashusha mpaka kwenye ile boti. Akaangalia picha muda, akauliza hawa si watoto wetu hawa? Nikamsomea koment, neno kwa neno, Kingereza halafu Kiswahili. Ile ya panya nilitaka niiruke, akaniambia soma yote. Nikasoma. Akaacha mchicha, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema rudia. Nikarudia.

Hakusema kitu mpaka chai ikaiva. Halafu akaniuliza, "Kwahiyo huyu ndo alikua ananionea huruma mimi?"

Jioni akatuma voisi grupuni mwenyewe, sikumwambia. Kasema ile video ya juzi muifute, mwenye nayo nimeambiwa anavyotuita. Mjomba wa Tanga akajibu kwa klipu nyingine, ina ile mishale miwili ya kusambazwa mara nyingi, koti jeupe lilelile. Shangazi kamwambia kaka kabla hujatuma tena nipigie. Sijui wameongea nini, ila mjomba kaifuta.

Sasa dada bintimrima, siku ya shule imeshapita, wauguzi wameshaondoka. Shangazi anauliza akimpeleka binti zahanati watamkubalia au mpaka wasubiri warudi shuleni? Na aende na nini?

bintimrima

Asisubiri. Chanjo hiyo ipo vituoni kwenye huduma ya chanjo ya kila siku, na haina malipo. Aende asubuhi, foleni ikiwa fupi, abebe kadi ya binti ya kliniki kama bado anayo, asipokua nayo aende hivohivo wataandika mpya. Na binti apate chai kwanza asiende na njaa. Akifika akiwa na swali lolote aulize palepale kabla ya sindano, asione aibu, hata kama ni lile la kizazi.